Kula Si Lazima

Katika drafti, kula ni lazima. Yeyote aliyewahi kusimama pembeni ya benchi la wacheza drafti chini ya mwarobaini hapa Dodoma anaijua sheria hii, hata kama hajawahi kusogeza kizibo cha soda. Mpinzani anakuwekea kete yake mdomoni. Unaona kabisa kuwa ni mtego, watazamaji nao wameshaanza kucheka, lakini huna ujanja. Unakula moja, yeye anakula tatu na kuingia kingi. Bao nalo ni hivyo hivyo: ukiwa na mtaji, huruhusiwi kujifanya hujauona.

Sataranji haina sheria hiyo. Mpinzani anaweza kukuwekea ngome nzima mbele ya askofu wako, bure kabisa, na wewe ukaipita kama vile hukuiona, ukaendelea na shughuli zako. Ukiondoa hali chache ambapo kula ndiyo njia pekee ya kumwokoa mfalme, kula ni hiari. Wanaotoka kwenye drafti kuja kwenye sataranji huchukua muda mrefu kuiamini hiari hiyo. Mkono unakula kabla kichwa hakijaulizwa. Mimi naamini kujilinda kunaanzia hapo hapo, kwenye ile nukta ambapo mkono umenyanyuka na kichwa kinauambia: subiri kwanza.

Haya nimeyasoma kwenye vitabu, lakini nimeyaelewa nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya kusafisha damu, mpinzani wangu akiwa baba yangu mzazi.

Baba alifanya kazi reli. Drafti aliijulia kwenye vituo vya Reli ya Kati, Dodoma, Saranda, Manyoni, hadi Tabora, akisubiri treni ambazo zamani zilikuwa na tabia ya kuchelewa zaidi ya zilivyo na tabia ya kufika. Alikuwa mkali. Alipostaafu alihamishia makali yake mtaani, na wazee wenzake walimkoma. Kisha figo zikagoma. Sasa anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki, saa nne kila safari. Mkono wa kushoto unachomwa sindano mbili na hautakiwi kutikisika mpaka mashine imalize. Tulijaribu drafti, vizibo vikateleza kwenye shuka. Nikanunua ubao mdogo wa sataranji wenye sumaku, wa kukunja, ambao mtu anaweza kuuchezea kwa mkono mmoja.

"Mama," akaniambia siku ya kwanza. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Hiki kitu cha Wazungu nitakiweza?"

Nikamwambia si cha Wazungu. Mchezo ulitoka India, ukapita Uajemi, ukachukuliwa na Waarabu, na jina lenyewe tunalolitumia, sataranji, limetujia kwa njia hiyo hiyo iliyotuletea maneno mengine mengi ya pwani. Wazungu waliupokea kama sisi tulivyoupokea. Akaguna, akamshika farasi, akamtazama kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

Wiki za mwanzo alikula kila kitu. Nikimsogezea askari, anakula. Nikimwachia farasi, anakula, hata kama nyuma ya farasi mlango wa mfalme wake umebaki wazi. Nikaamua kumwekea sharti moja tu: kabla hujagusa kete yoyote, jiulize kwa sauti, "Huyu anataka nini?"

Sharti hilo si langu. Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, alilijengea hoja ndefu katika kitabu chake cha mwaka 1925: mchezaji mzuri huzuia jambo kabla halijatokea. Aliyelifanya liwe maisha yake ni Tigran Petrosian, Muarmenia aliyezaliwa Tbilisi, bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969. Wapinzani wake walilalamika kwamba kucheza naye ni kama kupanda ukuta uliopakwa mafuta. Mipango yao ilikufa kabla wao wenyewe hawajamaliza kuipanga, maana Petrosian alikuwa ameshaiona.

Kwa kazi yangu, swali lile silo geni. Mwandishi anayeripoti Bunge anajifunza mapema kwamba jibu refu lenye takwimu nyingi halipaswi kumezwa lilivyo. Unajiuliza anayejibu anataka uandike nini, na anataka usiulize nini. Ila kwenye ubao swali lina faida moja kubwa: jibu lake lipo, liko mbele yako, ukiangalia vizuri utaliona. Zile kete za mpinzani hazina siri. Zinaonyesha zinakoelekea.

Ndani ya miezi miwili baba alikuwa anauliza kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamjibu. "Anataka nini huyu?" "Anataka kona ile, mzee!" Muuguzi mmoja alisema wodi imekuwa kama kijiwe. Lakini wote walikuwa wanaujua mchezo mwingine unaochezwa mle ndani, na mpinzani wa mchezo huo anachokitaka pia wanakijua.

Sasa niseme jinsi tulivyojizoeza, kwa sababu najua miongoni mwenu wapo wanaocheza kwenye simu usiku na wanaoshindwa kwa namna ile ile kila siku: mambo yakiharibika kidogo tu, wanakata tamaa au wanarusha kila kitu mbele.

Tulianza kucheza kuanzia katikati. Badala ya kupanga kete zote, napanga mchezo ambao upande mmoja umeshazidiwa: una askari mmoja au wawili pungufu, au mfalme wake amebaki peke yake. Kisha mmoja anacheza upande unaoshinda, mwingine upande unaoshindwa. Mimi nilidhani tutapokezana. Baba alikataa. "Nipe mimi upande wa mgonjwa," alisema, na jina hilo likabaki. Siku hizi nikifungua ubao anauliza, "Mgonjwa wa leo ana hali gani?"

Kutokana na wagonjwa hao tuliokota mambo machache. La kwanza ni kwamba askari walioko mbele ya mfalme wasiguswe bila sababu. Askari ndiye kete pekee isiyorudi nyuma. Ukimsogeza kwa woga, tundu aliloliacha litabaki hapo mpaka mwisho. La pili: ukishambuliwa, badilishana kete kubwa, maana shambulio linahitaji watu, na wakipungua linapoa. La tatu linafanana na la pili lakini si lile lile. Ukiwa umezidiwa kete, badilishana askari. Mpinzani aliyebaki na mfalme na farasi tu, au mfalme na askofu tu, hawezi kukufunga hata akicheza mwaka mzima. Askari wake ndio wanaoweza kugeuka malkia, na wakiisha wote, utajiri wake uliobaki haununui kitu.

Halafu kuna ngome za namna nyingine, ambazo sisi tuliziita maboma ili tusizichanganye na ile kete. Boma ni mpangilio ambao mwenye nguvu hawezi kuuvunja hata akiwa na nguvu mara tatu. Chukua ubao ujaribu hili. Mpe mweupe mfalme, askari mmoja kwenye safu ya h, ile ya pembeni kabisa, na askofu anayetembea miraba myeupe. Mpe mweusi mfalme peke yake, umweke h8, kwenye kona ambako askari yule anataka kufika. Kona hiyo ni mraba mweusi. Askofu wa miraba myeupe hawezi kuigusa kamwe, na mfalme mweusi anaingia na kutoka humo kama mtu aliyeko kwake. Akibanwa mpaka akose pa kwenda huku hatishiwi, ni sare. Mweupe ana kila kitu, mweusi hana kitu, na matokeo ni sare.

Baba alilirudia boma hili mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mwanzoni nilifikiri analipenda kwa sababu ni rahisi. Baadaye nikaelewa analipenda kwa sababu halidanganyi. Halimwahidi mfalme kwamba atatoka pale kona na kwenda kuteka ubao. Linamwahidi kona tu, kwa masharti kwamba asitangetange. Mtu aliyepewa kipimo cha maji ya kunywa kwa siku, na anayepimwa kilo kila akifika ili ijulikane amekizidisha au la, anaielewa sataranji ya namna hiyo bila kufundishwa.

Mambo ya namna hii si mageni kwa watu wa uwanda huu. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, nayo huja kati ya Desemba na Aprili ikitaka. Wagogo walipojenga tembe, lile paa la udongo lililo bapa na kuta zinazozunguka ua wa mifugo, walikuwa wameshajiuliza jua linataka nini, simba anataka nini, na mwizi wa ng'ombe anataka nini. Walipopanda uwele na mtama badala ya kutegemea zao linalokufa jua likichelewa kuondoka wiki mbili, lilikuwa swali lile lile. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali, wao wakapata maziwa, yeye akapata usalama kwamba ukame au uvamizi wa mahali pamoja hautamfilisi.

Na bado kuna mapigo ambayo ulinzi wote huo haukuyaweza. Wazee wa huku wanaijua Mtunya, njaa ya kuanzia 1917 hadi 1920, pale majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipochukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua nayo ikagoma. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake. Ninalitaja hili ili nisije nikaonekana nauza dawa ya kila kitu. Aliyejilinda vizuri anaweza kushindwa. Ila asiyejilinda kabisa anashindwa hata siku ambayo angeweza kupona.

Kwa sisi wasomaji wa fasihi, jambo linalonishangaza ni kwamba waandishi wakiandika kuhusu sataranji hupenda kichaa chake kuliko uvumilivu wake. Stefan Zweig, katika hadithi yake ya mwisho, anatuonyesha mfungwa wa Wanazi aliyejinusuru kwa kitabu cha michezo ya mabingwa, kisha akaanza kucheza dhidi ya nafsi yake mpaka akili ikapasuka. Vladimir Nabokov aliandika riwaya nzima, iliyotoka kwa Kirusi mwaka 1930, kuhusu bingwa aitwaye Luzhin anayebuni ulinzi dhidi ya ufunguzi maarufu wa mpinzani wake Turati. Siku ya mchezo Turati anacheza kitu kingine. Ulinzi ulioandaliwa kwa usiku na mchana unakosa kazi.

Nilimsimulia baba habari za Luzhin mashine ikiwa inazunguka. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyo alikariri mwizi mmoja." Sijasoma uhakiki uliolisema vizuri zaidi. Ulinzi uliokaririwa unamngoja adui mmoja kwenye mlango mmoja, kumbe kujilinda kwenyewe ni kuangalia upya kila hatua, hata kama hatua iliyopita uliangalia vizuri.

Nikamsimulia na ya kweli. Mwaka 2016, New York, Sergey Karjakin alipambana na Magnus Carlsen kuwania ubingwa wa dunia. Katika mchezo wa tatu Carlsen alimkandamiza mpaka hatua ya 78, wakatoka sare. Katika wa nne alimkandamiza mpaka hatua ya 94, wakatoka sare tena. Mashabiki walikuwa wameshampa Karjakin jina la Waziri wa Ulinzi. Katika mchezo wa nane aliyechoka kubisha hodi ni Carlsen: alilazimisha mno, na Karjakin akashinda. Carlsen akasawazisha katika wa kumi, michezo kumi na miwili ikaisha sita kwa sita, na ubingwa ukaamuliwa kwa michezo ya haraka, ambako Carlsen alishinda.

"Kwa hiyo alishindwa," baba akasema.

"Alishindwa."

"Lakini walimtafuta." Akacheka. "Mji huu una mawaziri wengi, lakini huyo ndiye nitakayempigia kura."

Ukichunguza michezo ile miwili, Karjakin hakupata hatua moja ya ajabu ya kumwokoa. Alipata nyingi za kuudhi. Kila mara alimwachia mpinzani tatizo jingine dogo la kutatua. Hivyo ndivyo walinzi wazuri wanavyofanya kazi: hawaulizi "nitashindaje," wala hawaulizi "nitapona lini." Wanauliza hatua gani sasa hivi itakuwa ngumu zaidi kwake.

Nimeiacha ya Petrosian iliyo maarufu kuliko zote makusudi, kwa sababu ndiyo iliyoniletea shida nyumbani. Ni Zürich, 1953, anacheza na Samuel Reshevsky. Petrosian amebanwa, askari weupe wa katikati wanataka kusonga mbele. Anaipeleka ngome yake mahali ambapo askofu anaweza kuila. Hakuna anayeitishia, anaitoa mwenyewe. Askofu akiila, askari weupe wanakuwa wamezibiwa njia, na farasi mweusi anapata kituo kizuri katikati ya ubao ambako hakuna wa kumfukuza. Reshevsky hatimaye anaila. Farasi anafika kituoni. Mchezo unaisha kwa sare. Hilo ndilo somo la kurejesha: ukishikilia kila ulicho nacho unapoteza vyote, ukitoa kimoja kwa hiari yako, kwa wakati unaouchagua mwenyewe, vilivyobaki vinapumua.

Mwaka huu nilipima. Nilipima bila kumwambia, damu kwanza, kisha vipimo vingine. Majibu yalisema figo yangu inaweza kumfaa. Upandikizaji wa figo unafanyika hapa nchini tangu 2017, hatuhitaji kuuza shamba kwenda India. Nikachagua siku ambayo mashine ilikuwa inakwenda vizuri na presha yake haijashuka, nikamwambia.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, si wewe uliyenifundisha? Kula si lazima."

Nikamwambia kukataa nako si lazima. Tuhesabu. Akasema haya, tuhesabu, na akahesabu kama mtu wa reli anavyohesabu mabehewa. Yeye ana miaka 67. Mimi nina mtoto wa miaka mitano. Kazi yangu ni ya kukimbia. Figo ikikataliwa na mwili wake, tutakuwa wagonjwa wawili. Mimi nikahesabu za kwangu: saa kumi na mbili za mashine kila wiki, mishipa inayochoka, madaktari wanaosema mchangiaji mzima mwenye afya huishi vizuri na figo moja. Nikamkumbusha Zürich. Nikamwambia ile ngome haikupotea, ilinunua mchezo.

"Petrosian alitoa ngome yake," akasema. "Hakutoa ya binti yake."

Sikuwa na jibu, na mpaka naandika hapa sina. Nimejiuliza lile swali kuhusu yeye, ingawa yeye si mpinzani: anataka nini? Nadhani anataka kuniona nikitoka pale wodini mzima kama nilivyoingia, mara tatu kwa wiki. Na mimi ninachokitaka anakijua. Sote wawili tunajilinda, na kila mmoja kitu anachokilinda ni mwenzake. Vitabu nilivyosoma vina upande mweupe na upande mweusi tu.

Kaka yangu naye amekwenda kupima, majibu yake hayajatoka. Daktari ameomba tukae wote mwezi ujao, baba akiwepo, na baba amekubali kukaa. Kukubali kukaa si kukubali, lakini wiki tatu zilizopita hata hilo alikuwa hataki kulisikia.

Jumatano alichukua upande wa mgonjwa kama kawaida, askari wawili pungufu, ngome moja kwa moja. Nilimbana kwa zaidi ya hatua hamsini. Kila nilipodhani nimemfikisha, aliuliza lile swali lake, akasogeza mfalme mraba mmoja, na mimi nikaanza upya kutafuta njia. Mashine ikalia kuashiria saa zimetimia. Muuguzi akaja kutoa sindano, nami nikaupiga picha ubao kwa simu, ili Ijumaa tuzipange kete pale pale zilipokuwa. Zamu ni yake.